Timu ya chuo iliyocheza mechi 5 kwa siku 6 mwaka wa 1899, ni kweli ama ni stori tu?

meneja_wa_jezi

Habari zenu wasee, na wakubwa walio humu nawasalimu kwa heshima. Mimi ni meneja wa timu ya raga ya chuo kimoja hapa Nairobi, si zile mnazoziona kwa TV, sisi tuko chini kabisa ya ligi, jezi tunafua mimi na dada yangu Jumapili jioni na kamba ikijaa tunaomba ya jirani. Hii kazi haina mshahara na naipenda sana, kwa hivyo naomba mnijibu vizuri.

Mwezi ujao tunasafiri. Nakuru Alhamisi, Eldoret Ijumaa, Kisumu Jumapili, yaani mechi tatu kwa siku nne. Mimi nimesema ni nyingi, wachezaji wanasema mimi ni muoga, na juzi nahodha akaniletea simu yake akanionyesha ati kuna timu ya chuo Marekani inaitwa Sewanee, mwaka wa 1899 ilicheza mechi tano kwa siku sita, zote ugenini, ikashinda zote na hakuna mtu aliyewafunga hata pointi moja. Tangu hio siku sina amani, kila nikifungua mdomo kuhusu kupumzika kuna mtu huko nyuma anasema Sewanee, mpaka ndani ya matatu.

Sasa nauliza. Kwanza, ni kweli? Pili, kama ni kweli waliwezaje, juu mimi mwaka jana nilipeleka timu huko magharibi mechi mbili tu na ya pili tulimaliza tukiwa watu 13 uwanjani, wawili enka, na wengine wanne tumbo linawakata mpaka wanacheza huku wakiangalia choo kiko wapi. Maji ya kule yalitukataa. Tulikuwa tumebeba glukosi, bandeji, mipira sita, pampu, kila kitu, lakini maji hakuna aliyefikiria. Kuna kijana wa mwaka wa kwanza alilia kwa basi kutoka Kericho mpaka Nakuru ameshika tumbo na mimi ndiye nilikuwa nimemwambia mamake atarudi salama. Hio kitu bado inaniuma.

mzee_wa_jukwaani

Kijana wangu, ni kweli kabisa, na umenifurahisha kuuliza juu hii ni stori nimeipenda miaka mingi.

Sewanee ni mji mdogo uko juu ya mlima huko Tennessee, na chuo chenyewe kinaitwa University of the South, ni chuo cha kanisa, hawa Waanglikana wa Marekani. Msimu wa 1899 walicheza mechi 12 za futiboli ya Marekani na wakashinda 12. Wao walifunga jumla ya pointi 322 na wakafungwa 10 pekee. Kumi, msimu mzima.

Hio safari unayoambiwa ni hivi. Alhamisi tarehe 9 Novemba wako Austin wanapiga Texas 12-0. Ijumaa wako Houston wanapiga Texas A&M 10-0. Jumamosi wako New Orleans, Tulane 23-0. Jumapili hawakucheza, si nimekwambia ni chuo cha kanisa. Jumatatu Baton Rouge, LSU, chuo cha jimbo la Louisiana, wanapigwa 34-0, halafu Jumanne tarehe 14 wako Memphis wanamaliza na Mississippi 12-0. Ukijumlisha ni 91 kwa sufuri. Na hizo sio timu za kuokota njiani, leo baadhi ya hayo majina ndio yanajaza viwanja vya watu laki moja.

Lakini wewe umeniambia ni meneja, na ndio maana nimekaa chini nikuandikie, juu hii stori ukiiangalia vizuri ni stori ya meneja. Kocha alikuwa Billy Suter, kijana aliyetoka Princeton, na nahodha alikuwa Henry Seibels, ambaye mechi ya Texas alipasuliwa kichwa wakakifunga akaendelea kucheza. Ila mwenye alipanga hio safari ni mwanafunzi, Luke Lea, miaka 20. Na unajua kwa nini aliipanga? Pesa. Sewanee na Vanderbilt wa Nashville walikuwa wamegombana juu ya kugawana pesa ya mlangoni, na Vanderbilt ndio walikuwa wanaleta watu wengi, kwa hivyo mwaka huo mechi yao haikuchezwa na timu ikabaki na shimo kwa mfuko. Kijana akakaa chini akahesabu, akaona akipata mechi kadhaa kubwa zikiwa karibu karibu nauli ya treni itajilipa. Nataka hio uishike sana, kwamba hakuna mtu aliyeamka asubuhi akasema tuonyeshe dunia sisi ni wanaume. Walikuwa na deni la kufikiria.

Sasa sikiliza hii ya maji, juu nimesoma yako nikashtuka. Lea alibeba maji. Walipakia mapipa ya maji ya chemchemi ya kwao Sewanee kwa treni, wachezaji wasikunywe maji ya ugenini wakaumwa tumbo. 1899! Na kwa upande mwingine inasimuliwa kwamba walisahau njumu. Treni imeshatoka ndio mtu anagundua mizigo ya viatu imebaki stesheni, Lea akapiga telegramu ya haraka zifuatishwe na treni nyingine, zikafika kabla ya mechi ya kwanza. Kwa hivyo usijione mbaya sana, hata huyo alisahau kitu, tofauti ni kwamba yeye alisahau viatu na akakumbuka maji.

Huyo Lea baadaye alikuwa seneta kule Washington kuanzia 1911, na baada ya vita kuu ya kwanza, Januari 1919, akiwa kanali, alienda na wenzake mpaka Uholanzi usiku kwenye jumba alilokuwa amekimbilia Kaiser Wilhelm, mfalme wa zamani wa Ujerumani, akitaka kumchukua ampeleke Paris akashtakiwe. Hakumpata. Lakini unaona ni mtu wa aina gani, akiamua kwenda mahali anaenda.

nahodha_namba_nane

Mimi ndiye huyo nahodha anasemwa hapa. Asante mzee kwa kuthibitisha, juu meneja alikuwa anasema nimetoa kwa vichekesho.

Meneja wangu wewe ni kama kaka yangu na hapa sikupingi kwa ubaya. Sisi tumefanya mazoezi tangu Januari, saa kumi na moja asubuhi tuko uwanjani kuna umande na mbwa wa mlinzi, na mechi tunazopata kwa mwaka ni chache sana. Timu kubwa kila wikendi ziko Ngong Road, sisi tukipata mwaliko mmoja tunashukuru Mungu. Sasa tumepata tatu mara moja na wewe unataka kuturudisha kwa mbili. Kuna watu wanne wanamaliza chuo mwaka huu, mimi mmoja wao, hatutaenda tena. Hio tu ndio naomba ufikirie. Kama watu wa 1899 bila dawa bila fizio waliweza tano, sisi tatu tunashindwaje?

mtoto_wa_reli

Naingilia kidogo kwa upande wa treni juu baba yangu alifanya kazi ya reli na mimi nimekulia hizo nyumba.

Mnajua 1899 ni mwaka gani kwetu? Ndio mwaka reli kutoka Mombasa ilifika hapa Nairobi, mwezi wa Mei. Hapa kulikuwa na maji maji na mahema ya wajenzi. Yaani hao vijana wakipanda treni yao Novemba, huu mji ulikuwa na miezi sita, na Kisumu ambako meneja anapeleka timu reli ilifika 1901. Kila nikipita pale makumbusho ya reli nafikiria hizo tarehe.

Sasa kwa nini wao waliweza na basi lako haliwezi. Marekani wakati huo ilikuwa na reli zaidi ya kilomita laki tatu, kila mji mkubwa umeunganishwa, na Sewanee walikuwa na behewa lao la kulala. Wanacheza mchana, jioni wanapanda, wanalala wamenyoosha miguu kitandani, wakiamka wako mji mwingine. Safari yote ilikuwa kama kilomita 4,000 lakini sehemu kubwa ya hizo ni kwenda na kurudi Tennessee, katikati pale miji ilikuwa inafuatana. Wewe vijana wako wanatoka Nakuru wakiwa na jasho wanakaa kwa kiti magoti yamegusa kiti cha mbele mpaka Eldoret, wanafika usiku, wanatafuta chakula, wanalala watatu kwa godoro. Kilomita ni kama 160 tu, lakini kwa mwili si sawa na kulala. Usihesabu kilomita, hesabu masaa mtu amelala.

mbele_namba_tatu

Nilicheza propu, wale wa mbele kabisa kwa skramu pale wanane wanasukumana na wanane, miaka tisa, shingo yangu ni shahidi.

Nahodha, wewe unalinganisha raga na mchezo mwingine. Ile futiboli ya Marekani ya 1899 mpira haukurushwa mbele, hio iliruhusiwa 1906, kwa hivyo ukiangalia kwa mbali ni kama raga, watu wanakimbia na mpira na wanasukumana. Lakini walikuwa wanasimama kila mara. Walikuwa na nafasi tatu za kusogea yadi tano, yadi tano ni kama mita nne na nusu, wakishindwa wanatoa mpira. Mtu anasukuma, chungu ya watu inaanguka, wanaamka, wanajipanga tena, wanasukuma. Kuna pumzi pale katikati. Sisi mpira ukiwa hai unakimbia tu mpaka mapafu yanawaka, kutoka skramu unaenda kukaba, unaamka unaenda kukaba mwingine.

Pia angalia alama. Trai yao, yaani kufikisha mpira mwisho wa uwanja wa mpinzani, ilikuwa pointi tano na mkwaju wa kuongeza pointi moja. Kwa hivyo hio 12 ya Texas ni trai mbili na mikwaju miwili, na 10 ya A&M ni kufunga mara mbili za tano tano bila mikwaju ya kuongeza. Mechi ya trai mbili sio ya kupumzika, ni ngumu, ni watu wanagongana mechi nzima kwa mita tatu. Sitaki mtu afikiri walikuwa wanatembea.

Na hio ingine, ukitoka hukurudi. Hakukuwa na mambo ya sabu kama sasa. Walisafiri watu 21 na uwanjani ni 11. Kwa hivyo aliyeumia alibaki ndani, juu akitoka timu inazidi kupungua. Wewe nahodha ukiona Seibels amefungwa kichwa akaendelea unasema ni shujaa, na alikuwa jasiri kweli, lakini pia hakuwa na njia rahisi ya kutoka.

mzee_wa_jukwaani

Narudi juu kuna kitu kimoja nimeona watu wote wanakiacha wakisimulia hii stori, na nahodha ndiye hasa anafaa kukisikia.

Watu husimulia zile siku sita halafu wanafunga kitabu. Msimu haukuishia Memphis. Tarehe 20 wakapiga Cumberland 71-0. Halafu tarehe 30 Novemba huko Montgomery wakakutana na Auburn, na kocha wa Auburn alikuwa John Heisman, huyo ambaye leo tuzo ya mchezaji bora wa vyuo inaitwa kwa jina lake. Sewanee walishinda 11-10. Pointi moja. Zile pointi kumi walizofungwa msimu wote, zote ni siku hio. Auburn walicheza kwa kasi na walilalamika sana juu ya marefa, Heisman mwenyewe hakukubali. Siku mbili baadaye, Desemba 2, wako Atlanta na North Carolina, wakashinda 5-0. Kutoka 34 kwa LSU na 71 kwa Cumberland mpaka pointi tano, trai moja ama mkwaju mmoja, juu mkwaju wa mbali pia ulikuwa tano siku hizo.

Mimi siwezi kusema miguu ilikuwa imechoka, sikuwa pale. Lakini kama unaniuliza ni mechi gani ya msimu huo ningelipa nauli kuona, si yoyote ya zile tano. Ni ya Auburn. Kwa zile tano walikuwa wanapiga watu, pale Montgomery ndio walipigwa wakabaki wamesimama.

Na mjue pia chuo hicho kilikuwa cha wazungu pekee, kama vyuo vyote vikubwa vya huko kusini wakati huo. Babu zetu wasingeruhusiwa hata kujiandikisha pale. Nawapenda kwa mchezo wao na hio siisahau.

jukwaa_la_magharibi

Sasa hio timu iko wapi leo mzee? Mbona mimi naona futiboli ya vyuo kila wiki na sijawahi sikia?

mzee_wa_jukwaani

Chuo kipo, timu ipo, lakini wanacheza daraja la tatu ambalo halitoi ufadhili kwa mwanamichezo. 1932 walikuwa kati ya walioanzisha ile ligi kubwa ya kusini, SEC, pamoja na Alabama, Georgia, LSU na wengine. Hawakushinda mechi hata moja ya ligi hio. Hata moja. Wakatoka 1940. Wenzao walikua wakawa vyuo vya maelfu ya wanafunzi na pesa, wao walibaki wadogo mlimani.

fizio_wa_mtaani

Mimi ni fizio, nafanya na timu mbili za mtaa na kliniki. Ndugu zangu mmeongea vizuri lakini naona hakuna aliyegusa miili yao.

Ule mchezo wa wakati ule uliua vijana. Si mfano wa maneno, uliua. Mwaka wa 1905 magazeti yalihesabu vifo 18 ama zaidi kwa msimu mmoja, na Rais Roosevelt akaita watu wa Harvard, Yale na Princeton waje ikulu waambiwe wasafishe mchezo. 1906 ndio sheria zikabadilika, pasi ya mbele ikakubaliwa, yadi tano zikawa kumi, na zile chungu za watu wameshikana wanamgonga mtu mmoja zikakatazwa. Kwa hivyo nahodha ukisema waliweza bila dawa na bila fizio, wengine hawakuweza. Hao hawana ukurasa wa kuonyeshana kwa simu.

Nikwambie vile naona mimi kwa meza yangu. Kijana anakuja Jumatatu baada ya mechi mbili za wikendi. Namwambia asimame kwa mguu mmoja afunge macho. Siku ya kawaida anasimama nusu dakika bila shida. Hio Jumatatu hafiki sekunde sita, enka inatetemeka hivi kama waya umepigwa. Yeye anasema yuko fiti, na anaamini kabisa, hanidanganyi. Misuli ya paja nikiigusa ni ngumu kama mbao. Huyo ukimpeleka uwanjani kesho yake akikabwa vibaya goti linaenda. Nimeona goti likienda kwa mtu wa miaka ishirini na moja, alikuwa anasomea ualimu, sasa anapanda ngazi za shule akishika ukuta.

Meneja, Alhamisi na Ijumaa mfululizo mimi nakataa. Kukosa hata siku moja ya katikati ndio kunaumiza. Na yeyote aliyegongwa kichwa Alhamisi asiguse mpira safari nzima, hata kama ni nahodha, hata akilia. Kichwa hakifungwi bandeji kikaendelea, hio iliachwa huko 1899.

Una watu wangapi?

meneja_wa_jezi

Dada asante sana. Niko na 24, lakini wa mbele wa kweli ni tisa.

mbele_namba_tatu

Tisa wa mbele mechi tatu? Hapana kaka. Wa nyuma utawabadilisha, wa mbele je? Unahitaji wanane kila mechi. Hao watu wataenda skramu siku tatu bila mtu wa kuwapokea. Mimi nimekuwa ndani ya skramu ya hivyo, mechi ya pili nilikuwa nasikia damu masikioni, ya tatu ikavunjwa skramu zikawa za kusimama tu bila kusukuma na hata hizo tulikuwa tunashikiliana tusianguke.

nahodha_namba_nane

Sawa nimesoma yote. Fizio ile ya kusimama mguu mmoja nimejaribu sasa hivi kwa hosteli, na hatujacheza tangu Jumamosi, mguu wa kushoto nimefika kumi na nne tu. Sikujua.

Lakini bado naomba mechi tatu meneja. Si kwa siku nne, hata kwa siku ngapi. Hao wanne wanaomaliza.

mtoto_wa_reli

Mbona msiulize wenyeji wa Kisumu wasogeze? Nakuru Alhamisi, Eldoret Jumapili, Kisumu Jumatano. Treni ya Sewanee ilikuwa ya kuokoa pesa ya siku, nyinyi mkipata mahali pa kulala bure hamna haja ya kukimbia.

meneja_wa_jezi

Wasee nimerudi, samahani kimya, nilikuwa kwa simu jioni yote.

Kisumu nimewapigia, kocha wao ni mtu mpole sana, amekubali Jumatano. Eldoret wamekubali Jumapili lakini saa nne asubuhi kabla ya uwanja kuchukuliwa na wengine, hio ni sawa. Kazi ilikuwa kulala, juu siku zimeongezeka kutoka nne hadi saba na pesa yetu ni ileile. Nimehesabu kwa daftari mara tatu kama huyo Lea. Mama wa mmoja wa mawinga wetu yuko karibu na Eldoret ana kiwanja kikubwa na mabati, amesema vijana 24 walale kwake usiku tatu tukileta mchele na mafuta. Kisumu kanisa moja limetupa ukumbi. Nauli ya basi inabaki kama ilivyokuwa, chakula ndio kimeongezeka, na hio nitaongea na wazee wa chuo Ijumaa, wakikataa tutachanga.

Nahodha, mechi ni tatu. Umezipata. Fizio nimeshika ile ya kichwa, nimeiandika kwa karatasi kila mchezaji atasaini kabla ya kupanda basi, wewe nahodha wa kwanza.

Na maji nimepata. Jirani yule wa kamba ya nguo ana mitungi ya lita ishirini, anatupa kumi, nitaichemsha mwenyewe usiku wa kuamkia safari. Mzee wa jukwaani, hao watu walibeba mapipa mangapi? Nataka kujua kama kumi inatosha watu 24 mpaka Eldoret.

mzee_wa_jukwaani

Niliyosoma yanasema mawili. Lakini wao walikuwa 21 na kulikuwa na baridi ya Novemba. Beba kumi na tano, na njumu ziingie kwa basi kabla ya watu.